Babu Alikuwepo: Kumbukumbu za Familia na Mwanzo wa Klabu za Taarab

Klabu kongwe zina tabia moja: kadiri miaka inavyopita, waasisi wake huongezeka. Nadi Ikhwani Safaa, klabu ya taarab ya mjini Unguja, iliundwa mwaka 1905 na kundi la vijana waliopenda muziki. Leo, ukiwakusanya wote walioambiwa na wazee wao kwamba babu alikuwepo siku ya kwanza, utahitaji ukumbi. Watu hao hawasemi uongo. Kila mmoja anarudia alichoambiwa na mtu aliyemwamini, naye aliambiwa na mwingine, na mahali fulani njiani “alikuwa mwanachama” ikageuka “alikuwa mwasisi”. Hoja ya sura hii ni kwamba kumbukumbu za familia ni shahidi dhaifu wa jambo lile lile zinalojivunia zaidi, yaani mwanzo. Lakini kwa mambo ambayo zinayataja kwa kupitia tu, kama vile nani alilipa, nani aliruhusiwa kutoka usiku, nani alibeba ala na nani hakuitwa, hazina mbadala. Mwandishi wa historia ya taarab anayezikataa kwa kuwa zimekosea tarehe anatupa nazi kwa kuchukia makumbi.

Klabu hizo zilikuwa za ridhaa, na neno hilo wapenzi wa mpira wanalijua vizuri: mchezaji wa ridhaa ni yule asiyelipwa mshahara. Mpiga udi alikuwa na shughuli yake mchana, ya ofisini, dukani au kwenye cherehani, na muziki ukasubiri jua litue. Mwanachama ndiye aliyeilipa klabu, si klabu iliyomlipa yeye. Na gharama zenyewe hazikuwa za mchezo. Itazame ganuni kwa karibu: sanduku bapa la mbao, upande mmoja umenyooka na mwingine umekatwa mshazari, lenye nyuzi zaidi ya 70 zilizopangwa tatu tatu, kila tatu zikitoa sauti moja. Daraja la nyuzi hukalia vipande vya ngozi upande wa kulia. Mpigaji huvaa pete kwenye vidole vya shahada vya mikono yote miwili, na ndani ya kila pete huchomeka kijiti chembamba cha kudonolea. Kwenye mji wa pwani wenye hewa ya unyevu na chumvi, nyuzi hizo hazitulii. Kabla halijaimbwa neno moja, mtu mmoja ameshakaa muda mrefu, ufunguo mkononi, akizungusha kigingi kimoja baada ya kingine huku wenzake wakinywa kahawa. Chombo cha namna hii hununuliwa kwa fedha iliyochangwa na hutunzwa kama mgonjwa. Si ajabu basi kwamba katika simulizi za nyumbani ala huchukua nafasi kubwa kuliko wimbo: iliwekwa wapi, watoto walikatazwaje kuigusa, ilifunikwa kwa kitambaa gani. Hayo hayamo katika historia yoyote iliyochapishwa, na ndiyo yanayotuonyesha klabu ilivyoishi ndani ya nyumba za watu.

Kisa cha mwanzo chenyewe kinajulikana na kila mpenzi wa taarab. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliupenda muziki wa Kimisri. Akampeleka Misri mtu aitwaye Mohamed Ibrahim akajifunze kupiga ganuni, naye aliporudi akaunda kikundi cha kumburudisha Sultani na wageni wake. Wapo wanaosimulia kwamba kikundi kizima kililetwa kutoka huko huko Misri. Kwa vyovyote vile, muziki ukavuka ukuta wa jumba la mfalme, vijana wa mjini wakaingiwa na hamu, na Ikhwani Safaa ikazaliwa. Kisa kimekaa vizuri, kina mfalme, safari na urithi. Lakini kiweke kando ya orodha ya watawala uone kinavyoruka. Barghash alifariki Machi 1888, na klabu ikaundwa miaka 17 baadaye. Katikati walitawala Khalifa bin Said, Ali bin Said, Hamad bin Thuwaini na Hamoud bin Mohamed, na mwaka 1905 kiti kilikuwa cha Ali bin Hamoud. Katikati hapo Waingereza walitangaza ulinzi wao juu ya Unguja, mwaka 1890. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari zao zililipiga jumba la Sultani ili kumtoa Khalid bin Barghash, aliyekuwa amekalia kiti kwa siku chache tu. Mwaka uliofuata hali ya utumwa ilifutwa kisheria. Miaka hiyo 17 iligeuza mji mzima, na kisa cha mwanzo kinaipita bila kugusa ardhi.

Jan Vansina, Mbelgiji aliyetafiti masimulizi ya mdomo katika Kongo, Rwanda na Burundi, aliipa hali hii jina: pengo linaloelea. Alichoona ni kwamba watu husimulia kwa wingi habari za asili, na kwa wingi zaidi habari za siku za karibuni, lakini kati ya hizo mbili kunabaki uwazi wenye majina machache na matukio machache zaidi. Tena uwazi huo hautulii mahali pamoja. Kila kizazi kinapoondoka, nao husogea mbele. Vansina alikuwa akizungumzia falme na koo, lakini klabu ya muziki hufuata kanuni hiyo hiyo kwa kipimo kidogo. Mjukuu anamjua babu aliyemwona kwa macho yake, na anamjua Barghash kwa sababu kila mtu anamjua. Walio katikati, wale hasa waliochanga fedha za mwanzo na kugombana kuhusu ufunguo wa chumba, ndio wanaotumbukia. Kisha, kwa kuwa akili ya mtu haipendi uwazi, babu husogezwa nyuma mpaka amkute Barghash.

Lakini pengo peke yake halielezi kwa nini babu asogezwe upande wa kasri na si upande mwingine. Hapo pana masilahi. Jina Ikhwani Safaa lenyewe limeazimwa kutoka kwa kundi la wanazuoni wa Basra wa karne ya 10, waandishi wa risala mashuhuri za falsafa na elimu. Kijana aliyejiunga na klabu yenye jina hilo alikuwa anasema kitu kuhusu nafsi yake: kwamba yeye ni mtu wa elimu na adabu, na kwamba nyimbo zake, ambazo mwanzoni ziliimbwa kwa Kiarabu, si ngoma za mitaani. Miaka minane tu baada ya tangazo la 1897 la kufuta utumwa, katika mji ambako swali la nani alikuwa muungwana na nani alikuwa mtumwa lilikuwa bado bichi, madai ya namna hiyo yalikuwa na uzito. Familia inayosema muziki wake umetoka kasrini inasema pia, bila kutamka, ulikotoka mlango wa nyumba yake. Kumbukumbu ya kasri si ya uongo kwa sababu hiyo. Ila ina kazi mbili, na msikilizaji anayeiona moja tu amesikia nusu.

Dawa ya kuiona kazi ya pili ni kuiweka mbele ya kumbukumbu nyingine. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kusini mwa mji, yapata mwaka 1880, katika familia inayotajwa kuwa na asili ya utumwa. Alihamia mjini 1911, na mwanachama wa Ikhwani Safaa ni miongoni mwa wanaotajwa kumfundisha kuimba. Mwezi Machi 1928 kampuni ya santuri ya HMV ilimsafirisha yeye na wenzake hadi Bombay kurekodi, na sauti iliyotoka kwenye sahani zile iliimba Kiswahili. Wanaoikumbuka taarab kupitia kwa Siti hawaanzii kasrini. Wanaanzia mtaa wa Ng'ambo, kwenye nyumba alimoishi na kufanyia mazoezi, mahali ambapo mtu hakuulizwa cheti cha ukoo. Nao pia wana mwasisi wao, na nao humwongezea: kwa baadhi yao, kabla ya Siti hapakuwa na taarab kabisa, jambo ambalo tarehe za Ikhwani Safaa zinalikanusha. Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wa Siti, aliyapata mengi kwa kumsikiliza mwenyewe uzeeni, kwa hiyo hata kitabu hicho tunachokiita rejea ni kumbukumbu ya nyumbani iliyopata mwandishi hodari. Ukizilinganisha kumbukumbu hizi mbili, ya kasri na ya Ng'ambo, hupati mshindi. Unapata mstari uliopita katikati ya mji, na pande zote mbili zilizousikia muziki mmoja.

Mpinzani wa kwanza atasema: basi kama kila familia inajipamba, tuziache zote. Pingamizi hili lina nguvu, lakini linadhani kosa ni takataka. Mtaliano Alessandro Portelli alionyesha vinginevyo katika mji wa Terni. Luigi Trastulli, kijana mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, aliuawa na polisi tarehe 17 Machi 1949 wakati wa maandamano ya kuipinga NATO. Portelli alipowahoji wafanyakazi miaka mingi baadaye, wengi walikiweka kifo hicho katika migomo ya 1953, walipofukuzwa kazi kwa maelfu. Tarehe ilikuwa mbovu, nyaraka zipo, hapana ubishi. Lakini ubovu huo ulimfunulia kitu ambacho nyaraka zisingekitaja: kwa watu wale, jeraha lililouma lilikuwa lile la kufukuzwa, na kifo cha mwenzao kilihamia kule kulikokuwa na maana. Babu anayehamishwa kutoka uanachama hadi uasisi, au kutoka 1912 hadi 1905, ni kosa la jamii hiyo hiyo. Ukiuliza tu “je, ni kweli?” utajibiwa “hapana” na mazungumzo yatakwisha. Ukiuliza “kwa nini kahamishiwa huko na si kwingine?” ndipo historia ya mji inapoanza kufunguka.

Tena makosa mengi ya tarehe hujikamata yenyewe. Klabu za taarab za wanawake wa Unguja zilikuwa na majina kama Nuru el Uyun, Sahib el Ary, Royal Navy na Royal Air Force. Hilo la mwisho ni zawadi kwa mtafiti: jeshi la anga la Uingereza lenye jina hilo liliundwa tarehe 1 Aprili 1918, kwa hiyo klabu haikuweza kujiita hivyo kabla ya hapo, hata bibi aapeje. (Na mwenye kuchagua jina la wapiganaji kwa klabu ya waimbaji alijua vizuri anakwenda kufanya nini jukwaani.) Majina, sarafu zilizotajwa katika michango, gari au punda aliyewabeba wanamuziki, taa ya kandili au ya umeme: vyote hivi humponyoka msimuliaji bila kukusudia, na mambo yasiyokusudiwa ndiyo yanayoaminika zaidi. Mtu hupamba cheo cha babu yake, lakini hana sababu ya kuipamba taa.

Mpinzani wa pili ni mpenzi wa karatasi. Yeye husema mahali penye nyaraka, simulizi ni porojo. Kwa kumpa haki yake, tumpeleke kwenye nchi iliyojaa nyaraka za wanamuziki wa ridhaa. Nchini Uingereza, opera nyepesi ya H.M.S. Pinafore ya Gilbert na Sullivan ilifunguliwa London Mei 1878, na mwaka uliofuata tu kundi la ridhaa la Kingston upon Thames liliipandisha jukwaani. Vyama vya namna hiyo vikaenea nchi nzima, hata mwaka 1899 vikaunda muungano wao wa kitaifa. Kwa kuwa haki za kazi hizo zilishikwa na kampuni ya D'Oyly Carte hadi mwisho wa 1961, kila chama kililazimika kuomba kibali, na vibali huacha karatasi, kama zinavyoacha programu zilizochapishwa na picha za waigizaji waliovaa kimabaharia. Pamoja na hayo yote, waandishi wa historia ya vyama hivyo huishia kugonga milango ya wajukuu. Programu humtaja aliyeimba nafasi ya Josephine. Haimtaji aliyeshona gauni lake, wala baba aliyemkataza binti yake kupanda jukwaani mpaka mchungaji alipomsihi, wala yule mwenye sauti nzuri kuliko wote ambaye hakualikwa kwa sababu alifanya kazi kiwandani. Karatasi ya klabu huandikwa na klabu. Inajua nani alikuwa ndani.

Unguja karatasi ni chache zaidi, na hata zilizopo zina mipaka yake. Chukua santuri, ushahidi ambao hauna mshindani kwa sababu unatupa sauti yenyewe. Sahani ya zamani ilichukua takriban dakika tatu upande mmoja. Wimbo wa taarab ukumbini huenda mara tatu au nne ya hapo, maana muziki hutangulia, beti hurudiwa, na watu huinuka mmoja mmoja kwenda kumtunza mwimbaji, noti ikipunga hewani, kila mmoja akihakikisha anayemlenga kwa ubeti ule amemwona. Sahani haikubeba kutunza. Ilibeba wimbo uliokatwa ukatoshea. Aliyekuwepo ukumbini ndiye anayejua kwamba ubeti wa tatu ulirudiwa mara tano kwa sababu mke mwenza alikuwa amekaa mstari wa mbele. Hapa mpenzi wa karatasi anapaswa kukubali kwamba ushahidi wake thabiti umekosa kiini cha tukio, nacho kimehifadhiwa na wanawake waliokaa kwenye mikeka.

Na ni kwa wanawake ambako kumbukumbu za familia zinaonyesha thamani yake kubwa kabisa. Ikhwani Safaa ilikuwa klabu ya wanaume kwa miongo mingi, na kumbukumbu za wanaume huelekea kuhesabu vyeo: nani rais, nani katibu, nani alipiga fidla ya kwanza. Kumbukumbu za wanawake huhesabu gharama. Sare ya klabu ilihitaji kitambaa cha namna moja kwa wote, na kitambaa kilihitaji fedha ambayo mume aidha alitoa au alifichwa. Kutoka usiku kulihitaji ruhusa, na ruhusa ilikuwa na masharti yake. Wimbo wa kuijibu klabu pinzani ulihitaji mtunzi, na mtunzi alihitaji kuambiwa siri za watu. Mwandishi akitaka kujua taarab ilikuwa na maana gani kiuchumi katika nyumba ya Kizanzibari, hatapata jibu katika kumbukumbu za mikutano, hata zingehifadhiwa zote. Atalipata kwa bibi anayekumbuka bei ya kitambaa na jina la duka kwa sababu aliteseka kuipata hiyo fedha.

Lipo pingamizi la tatu, gumu kuliko mawili ya kwanza: kumbukumbu hukaa kimya pale penye maumivu. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliwatawanya watu. Baadhi ya familia za wanamuziki na wapenzi wa klabu zilijikuta Oman, nchi nyingine za Ghuba, au Uingereza. Nyingine zilibaki na kuiona taarab ikiingizwa katika mipango ya dola mpya. Kikundi kilichoanza 1958 ndani ya harakati za vijana wa chama cha Afro-Shirazi kikaja kuwa Culture Musical Club, chini ya wizara, kikundi kikubwa kuliko vyote. Familia iliyoko Muscat huikumbuka klabu kama ilivyokuwa siku ile walipopanda chombo. Kwao, mwimbaji wa mwisho wa kweli ndiye waliyemwacha. Familia iliyobaki Unguja inakumbuka klabu iliyoendelea, iliyobadilika, iliyowapokea wanawake, iliyoongeza akodiani na besi na kuzoea umeme. Kila upande hushangaa upande wa pili unazungumzia nini. Kuhusu usiku wenyewe na wiki zilizofuata, pande zote mbili mara nyingi hubadilisha mazungumzo. Hapa sina jibu la kumridhisha mpinzani wangu, isipokuwa kwamba kimya nacho kina umbo. Simulizi inayokwenda vizuri hadi Desemba 1963 na kuanza tena 1970 hivi imetuonyesha wapi pa kuchimba, na imetuonyesha pia kwamba si kila anayesikiliza ana haki ya kuchimba.

Kwa hiyo anayekaa na mzee kumsikiliza asianze na siku ya kuanzishwa kwa klabu. Swali hilo lina jibu tayari, limesuguliwa kwa miaka 100 mpaka linang'aa, na baada ya kulitoa mzee huona kazi imekwisha. Aulize ganuni ililala nyumba ya nani. Aulize nani aliyepika usiku wa mazoezi na kama alialikwa kusikiliza. Aulize ni nani mtaani aliyekuwa na sauti lakini hakuwa mwanachama, na asubiri, maana jibu la swali hilo huchelewa. Na kama ndani ya sanduku la nyumbani kwenu kuna picha ya wanaume waliokaa mistari miwili, udi mapajani, au ya wanawake waliovaa kitambaa cha aina moja, itoeni leo. Chukueni penseli, si kalamu ya wino, mwandike nyuma yake kwa mkono mwepesi majina mnayoyajua, mahali, mwaka mnaoudhania, na jina la aliyewaambia hayo yote.